Nyumba Haiachwake Bila Mutu

Hapa Goma tunatembea juu ya mawe ya volkano. Volkano ilimwanga moto, moto ikakauka, ikawa mawe nyeusi yenye meno, na sisi tukajenga palepale juu. Njo maana mutu wa Ndosho, mutaa wetu, anatembea akiangalia chini. Siyo heshima, ni mawe. Mimi nilitembea juu ya ile mawe tangu niko mama kijana, na beseni ya sambaza, samaki tudogo twa ziwa, pa kichwa, nikiwaimbia wateja, sikuanguka. Halafu siku moja, bila vita, bila kufukuzwa na mutu, nikienda tu kutupa maji chafu, muguu ikageuka. Nilisikia kitu inapasuka ndani, paa, kama muuzaji anapasua kikwembe mupya na meno.

Walinikanda na maji moto, walinipaka mafuta ya ng'ombe, muguu ikazidi kuvimba. Kisha hospitali. Dokta mwenye alinipasua alikuwa kijana, alitoka mbali, Kiswahili yetu alikuwa anaisema kama mutu anatembea juu ya mayai:

"Mama. Ndani ya muguu. Kuko kamba. Kamba inashika mufupa na mufupa. Ya kwako ilikatika. Mimi nimeshona. Sasa wewe, mama, hapana kanyaga. Hapana! Ata kidogo. Mpaka mimi naseme: kanyaga."

"Na kama nakanyaga, baba?"

"Kamba inalegea. Halafu unakuwa na muguu ya kudanganya. Wewe unaenda huku, yeye inaenda kule."

Nilicheka, nikamurudishia palepale na sauti yake, "Mama-hapana-kanyaga," infirmiere, muuguzi wake, akashika mudomo ili asicheke mbele ya mukubwa wake. Lakini mu roho sikucheka. Kwingine mutu muzee anaombaka Mungu amuachie macho, ao meno. Hapa kwetu tunaombaka miguu. Vita yenye nimeikimbia, vidole ya mikono haitoshe kuihesabu. Na kila mara nimeona wale wenye walibaki pembeni ya njia: hawakuwa wabaya, hawakuwa wajinga, walikuwa tu watu wa miguu mubaya. Kwa hiyo nilijiambia: mukekulu, mama muzee, funga akili, ile muguu usiikanyage ata nyumba ikiwaka. Wacha kamba ishike. Siku wengine watakimbia, na wewe ukimbie.

Ile njo kitu moja tu nilitaka. Sikutaka kucheza ngoma.

Wakanirudisha kwa mutoto wangu, pale Ndosho. Mutoto wangu anauza maharagi. Inatoka Masisi, anaweka mu chumba ya nyuma, anaingojesha bei ipande. Kitanda yangu wakaiweka mule, kati ya magunia, kwa sababu kwa watoto hakukuwa nafasi. Nikakaa pale na platre nyeupe mpaka karibu ya goti, muguu juu ya gunia moja kama mutu mukubwa wa serikali, na magongo mawili ya kwapani yameegemea ukuta. Ile magongo, kwenye simenti ya ile nyumba, ilikuwa inalia ko, ko, ko. Nikiamka tu, jirani wote wanajua mama muzee anaenda fasi gani.

Kwetu mutu akitoka hospitali, watu wanakuya kumusalimia. Wanaleta sukari, sabuni, wanakaa, wanakunywa ile sukari yenye walileta, na wanakuhesabia wale wenye walikufa na ugonjwa kama ya kwako. Jirani wangu, mama wa shirika yetu ya kanisa, alikuya wa kwanza. Yeye sauti yake iko na rozari ndani:

"Mamaaa! Tumeomba, tumeombaaa, mpaka ngozi ya magoti imetoka! Iko mama mumoja kwetu Butembo, muguu hivi hivi, wakamushona hivi hivi, aah, alikuwa mama muzuri."

"Alikuwa? Sasa iko wapi?"

"Mungu alimuita. Iko chai ingine?"

"Wasingya, mama," nikamushukuru na Kinande yetu. "Umenitia nguvu sana."

Na mukamwana wangu, muke wa mutoto wangu, yeye Mungu alimupa sauti mbili. Moja ya salon, pale wageni wanakaa. Ile inatoka puani, inanukia manukato: "Mama yetu? Uuu, huyu ni malkia wetu! Sisi kwanza tunamulisha, kisha njo na sisi tunakula." Wageni wakivuka tu mulango, inatoka ya pili, ya jikoni: "Hii nyumba sasa imekuwa hospitali. Watu wazima tunabeba ndoo ya mavi." Alikuwa anasema na sufuria, siyo na mimi. Lakini sufuria haikuvunjika muguu, haikuwa na haja ya kusikia.

Sasa, mimi niko na hii ugonjwa ya kufanya sauti za watu. Sikusoma, sikushika kalamu, lakini sauti ya mutu ikipita mu masikio yangu mara moja inabaki, na inatoka vile iliingia. Wajukuu walikuwa wanakuya pale mu maharagi, wananizunguka: "Koko, fanya mama wa shirika! Koko, fanya dokta! Koko, fanya papa!" Papa yao, mutoto wangu, njo muzuri kuliko wote kufanya. Iko na sauti nzito, ya mutu munene, na mbele ya kusema kitu anasafisha koo kama gari ya zamani ya Sake inakataa kuwaka. Nikifanya ile, watoto wanaanguka juu ya magunia. Siku moja alikuwa amesimama pa mulango.

"Mama, unanifanya nakuwa kitu ya kuchekesha mbele ya watoto wangu."

"Hapana, mwanangu. Wewe mwenyewe ulijifanya. Mimi naiga tu."

Hakucheka. Akachukua gunia yenye muguu yangu ilikuwa imelalia, muteja alikuwa anaingojea, akaweka muguu yangu chini juu ya ndoo yenye walipindua. Aliiweka polepole, nisimusingizie.

Ile siku zilikuwa siku za mabombe. Tulikuwa tunaisikia upande wa Sake, bum, kisha kimya, kisha bum, na bati inatetemeka. Barabara ilikuwa imejaa wakimbizi, mama na magodoro pa kichwa, mbuzi na kamba, wanashuka, wanajenga tuhema twa bashi, ile turubai, kule Lac Vert, tena pale karibu na sisi, kila fasi yenye jiwe inaachia. Mutoto wangu alikuwa anasimama pa mulango na vidole mu mukaba:

"Haitafika hapa. Goma ni mji mukubwa. Dunia yote inaangalia Goma."

Nikasema, "Dunia inaangalia, ndiyo. Mimi pia niliangaliaka mechi moja. Sikuingia kucheza."

Asubui moja mabombe ikafika. Haikuwa tena bum ya mbali, ilikuwa ile ya kupiga mlio kwanza. Basoda, wale askari wa serikali, wakaanza kuvuka mu mitaa, wengine bila viatu, wengine wanavua na kombati, wanaomba watu mashati. Mutu akiona soda anaomba shati, haulize tena habari kwa redio. Ndosho yote ikasimama. Kila mutu alikuwa anataka kwenda upande wa mji, ku mupaka, kuvuka Gisenyi.

Pikipiki za kupakia watu, zile tunaita moto, hazikuwa tena. Sisi tulikuwa na kitu moja tu: chukudu ya mutoto wangu. Mwenye hajue chukudu, ni ule mukokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, unapanda goti moja juu, muguu ingine inasukuma, pa muteremko unaachilia na kuomba Mungu. Inabeba makala, inabeba viazi, inabeba maiti. Watu wagonjwa inawabebaka kila siku. Nilikuwa nimekwisha kuvaa, nimefunga kikwembe nguvu, nimekaa pa mulango na magongo yangu kwa magoti. Nilikuwa tayari. Nikawaza: Watanilaza, muguu mbele, nitashika mbao na mikono mbili. Mawe itanipiga, lakini haitakuwa mara ya kwanza.

Nikaona gunia ya kwanza inapita.

Mutoto wangu alikuwa anaibeba mwenyewe, na shati ya mikono mirefu. Kijana wake wa kusukuma alikuwa amekimbia zamani. Gunia ya pili ikapita. Mukamwana alikuwa anashika chukudu isianguke, mutoto mudogo pa mugongo. Ya tatu. Wanaifunga na kamba ya mupira, wanavuta, wanavuta. Nikaangalia ile mbao: mbele gunia, kati gunia, nyuma gunia. Mutu hata akuwe mwembamba kama mimi hawezi kukaa juu ya kamba.

Nikauliza, "Na mimi munaniweka wapi?"

Mukamwana akainama kurekebisha kamba yenye ilikuwa sawa. Kisha mutoto wangu akakuya, akachuchumaa mbele yangu, akasafisha koo.

"Mama. Unajua nyumba haiachwake bila mutu."

Ile neno naijua. Ni desturi yetu ya vita. Mukikimbia wote, mukirudi munakuta ukuta. Wanatoa televizio, wanatoa magodoro, wanatoa milango, wanapanda juu wanatoa bati. Kwa hiyo kila nyumba inaachaka mutu mumoja wa kulinda. Kawaida ni kijana mwanaume, mwenye mbio, akiona hatari anaruka ukuta. Sijawahi kuona wanaacha mutu wa platre.

"Ni siku kidogo tu, mama. Wewe uko mukubwa. Hakuna mutu anaweza kugusa mama muzee."

Na mukamwana, na ile sauti ya salon, wageni hakuna: "Mama, wewe njo nguzo ya hii nyumba."

Nikamujibu na sauti yake yeye mwenyewe, ile ile ya manukato: "Nguzo, mama, ndiyo. Nguzo haina miguu."

Wajukuu wakaanza kucheka, juu walizoea nikisema hivyo wanacheka. Kisha wakaona sura yangu, wakaacha. Mumoja akauliza, "Na koko?" Mama yake akamuvuta mukono.

Sikumuambia mutoto wangu mambo ya mugongo yangu yenye ilimubebaka kutoka Kanyabayonga. Wamama wengi wanaimbaka ile wimbo kila siku. Mimi nilimubeba juu alikuwa mutoto na nilikuwa na miguu, ilikwisha pale. Nilimuuliza tu kitu moja:

"Maharagi inaweza kubaki kulinda nyumba?"

Akasema, "Mama, usianze."

Akanisindikiza na kunirudisha mu chumba, akaniwekea maji kando ya kitanda, bugali ya jana, na rozari. Rozari! Ata mama wa shirika hangefikiria vile. Chumba ilikuwa tupu sasa, ilikuwa inarudisha sauti. Nikasikia chukudu inaondoka, gurudumu inalia juu ya mawe, na mutoto wangu anaisukuma vibaya, juu hajawahi kusukuma. Nilisikiliza mpaka siisikie tena.

Mabombe ilipita juu ile siku yote. Nilikaa chini ya kitanda, muguu nje, kwa sababu platre haikuingia. Kesho yake kukawa kimya, na ile kimya njo mubaya zaidi. Basoda walikwisha kwenda, wale wengine, wenye walikuwa wanashambulia mji, walikuwa bado kuingia, na mji uko mikononi mwa nani? Uko mikononi mwa jirani. Mvua ikaanza kunyesha saa ya mangaribi bado kufika, na nikasikia watu pa parsele, mule mu kiwanja yetu. Hawakutoka mbali. Wizi ya vita haitokake mbali.

Mumoja alisema, "Hapa wote walitoka. Niliona chukudu."

Mwingine, "Na ule mama muzee?"

"Wangemuacha? Wewe pia!"

Ile neno ilinichoma kuliko ningepigwa. Mwizi alikuwa ananiheshimia mutoto wangu.

Wakagusa mulango. Ile mulango ilikuwa ya mbao na kufuli ya kuchekesha, teke moja inalala. Nikajua wakiingia wakinikuta, nikawatambua, hawataniacha niende kusema majina yao pa shirika. Nikafungua mudomo. Sikuchagua. Koo ikasafishwa yenyewe, kama gari ya Sake, na sauti nzito ikatoka:

"Ni nani uko pale inje?"

Mikono ikatoka pa mulango. Mvua. Kisha mumoja, polepole: "Si papa ya hapa? Walirudi?"

Nikaamka na magongo niende jikoni, mwenye nyumba hawezi kuwa na sauti moja tu. Ko, ko, ko. Na nikasikia yule mwenye akili kati yao:

"Ngoja. Unasikia magongo? Ni ule mama wa platre. Iko peke yake, anatuchezea."

Nikasimama katikati ya salon, gongo kila upande. Simenti chini. Ile simenti nilikuwa nimeiogopa tangu hospitali. Ningeweza kukaa kimya niwaachie televizio, lakini hawakuwa tena wanawaza televizio, walikuwa wanawaza mimi, kama niko peke yangu ao hapana. Nikalaza magongo juu ya kiti, polepole isilie. Nikakanyaga.

Nilikanyaga na platre, nguvu, kama mwanaume wa viatu. Du. Du. Du. Kutoka salon mpaka jikoni. Maumivu haikuwa pa kifundo, ilipanda mpaka mu meno. Na kila du nilikuwa nasikia kitu mule ndani inavutika, kama kamba ya ndoo mu kisima, inavutika tu, inavutika. Nikafika jikoni, nikapiga sufuria na mwiko, nikatoa sauti ya jikoni:

"Papa, ni nani anasumbua? Waambie hatuna kitu, sisi watu wazima tunalala njaa!"

Nikarudi. Du, du, du. Mu chumba, mutoto mudogo analia. Wale wakubwa wanagombania godoro: "Ni yangu!" "Uongo, ni yangu!" Nikasafisha koo: "Nyamazeni!" Wakanyamaza. Nikawafanya wote, mumoja mumoja, nyumba ikajaa. Machozi ilikuwa inashuka na sauti haitetemeke. Ningekuwa mwenye kusoma pengine ningejua kuieleza ile. Nasema tu vile ilikuwa: wote walikuwa mule, nilikuwa nawasikia, na nilikuwa nawachukia.

Inje walikuwa bado wanasitasita. Njo nikatoa ya mwisho. Basoda wa serikali wanasemaka Kilingala, kila mutoto wa Congo anajua, ile luga ikisikika mutu anatafuta mulango ingine. Nikachukua gongo moja pa kiti, nikapiga ukuta kama mutu anaamuka vibaya, nikatoa sauti ya mulevi wa kaporali:

"Nani wana? Longwa awa!"

Ni kusema: ni nani ule, toka hapa! Hawakungoja nimalize. Nilisikia mumoja anaanguka juu ya mawe na kulilia mama yake. Kama ingekuwa siku moja tu kisha ile, wale wengine wakiisha kuingia mu mji na kutafuta basoda nyumba kwa nyumba, ile Kilingala ingeniua. Lakini siku ile ilinisaidia. Nikakaa chini palepale simentini. Muguu ilikuwa imejaa mu platre kama unga mu gunia, vidole nyeusi.

Walirudi wakati mji ulitulia, wenye mji wakiwa wapya. Nilisikia chukudu. Mutoto wangu aliingia wa kwanza, akaangalia televizio, akaigusa. Kisha mulango. Kisha akainua macho ku bati. Kisha mimi. Mukamwana alifungua mafuta: "Ee! Nani alimaliza mafuta?" Maharagi ilirudi yote. Hakuna ata kikombe moja ilipotea njiani. Waliilalia juu, walinieleza, kila mutu na gunia yake, watu wakatili wakapita hawakuona. Mutoto wangu alieleza vile na furaha. Nilimusikiliza mpaka mwisho, nikawa nangoja aniulize na mimi. Akauliza kama kuko maji.

Mama wa shirika alikuya mangaribi, rozari mbele. Nilikuwa mu chumba yangu, na magunia yalikwisha kurudishwa, moja moja, kunizunguka. Nikamusikia salon:

"Papaaa! Wewe ni mwanaume! Sisi wote tulisema mulikimbia, kumbe muko mu nyumba! Nilikuwa chini ya kitanda yangu, nikakusikia: ni nani uko pale inje! Nikasema, aksanti Mungu, huyu hakuacha mama yake. Wengine waliacha wazazi wao, papa, haya gani! Lakini wewe, na soda ulimuweka mu nyumba, akili gani ile!"

Kukawa kimya. Ni mule mu kimya nilingoja. Nilishika gunia na mukono. Nikawaza: Sasa. Sasa atauliza, sauti gani? Atafahamu. Atakuya hapa na kusimama pa mulango, na ata akinyamaza nitamusamehe, sitahitaji neno.

Akasafisha koo.

"Mama, ndiyo. Mutu analinda nyumba yake."

"Na mama muzee?"

"Iko tu. Tulimuangalia vizuri."

Na mukamwana, sauti ya salon: "Malkia wetu."

Ningeweza kupiga kelele. Mudomo niko nayo, ile haikukatikaka kamba. Neno moja tu, na kesho shirika yote ingejua, na angetembea Ndosho akiangalia mawe kwa sababu ingine. Lakini nilifikiria vizuri. Aibu yake ingekuwa ya wiki moja, watu wangeisahau kwa sababu ya bei ya maharagi. Yangu ingebaki. Ningekuwa "ule mama mwenye mutoto wake aliacha." Wangeniletea sukari kwa ajili ya ile. Nikafunga mudomo, nikafunga macho. Tangu pale watoto wakiniomba, "Koko, fanya papa," nasema koo inauma.

Hospitali ilikuwa imejaa vijana wa risasi, mpaka kwenye ngazi. Tulingoja sana. Dokta wangu wa mayai alikuwa amekonda, macho mekundu. Akakata platre, akashika kisigino na mukono moja, mukono ingine pa mufupa, akasukuma polepole. Muguu ikaenda. Ikaenda fasi yenye haikupaswa kwenda.

"Mama. Ulikanyaga."

Nikaangalia platre yenye ilikuwa chini.

"Kamba imelegea. Mimi nilishona vizuri! Nani aliacha huyu mama akanyage?" Alikuwa anaangalia mutoto wangu.

Mutoto wangu akafungua mikono, vile mufanyabiashara anafungua akikuonyesha hana chenji. "Dokta, tulimukataza. Kila siku tulimukataza. Wazee unawajua, ni kichwa nguvu."

Dokta akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

Infirmiere alikuwa pale, ule mwenye alichekaka. Alikuwa ananiangalia mudomo, anangoja nifanye sauti ya mutu.

"Ni kweli, baba," nikasema na sauti yangu. "Masikio yangu ni nguvu."

Akaandika. Akasema kushona tena, labda siku ingine, sasa hapana, niangalie mwenyewe watu wenye wanalala chini. Nitatembea na fimbo. Pa fasi sawa, vizuri. Pa mawe, polepole.

"Na kukimbia, dokta?"

Alicheka kidogo, nafikiri ilikuwa kicheko yake ya kwanza ile siku, sikumukatalia. "Kukimbia? Mama, na miaka yako, unataka kukimbilia wapi?"

"Kule wengine watakuwa wanaenda."

Mutoto wangu akaangalia dirisha.

Tukatoka. Moto ilituacha pa barabara kubwa, kwa sababu kwetu ndani haingie, mawe ni mengi. Akanishika mukono, nguvu, mbele ya watu. Wenye walikuwa wanauza pembeni wakasalimia: "Papa, ule mama iko na bahati ya mutoto!" Akawajibu na kichwa. Muguu ilikuwa inaenda kule, mimi naenda huku.

"Polepole, mama," akasema. "Hapa kuko jiwe."

Niliiona ile jiwe kabla yake. Nikamuachia mukono yangu aushike, juu bila yeye ningeanguka.